Karani wa Ubalozi

Neno ubalozi likitajwa mbele ya vijana, mawazo yao hukimbilia bendera ipepeayo juu ya jumba jeupe, gari jeusi lenye kibendera mbele, na bwana aliyevaa suti akipeana mkono na mfalme au rais wa nchi ya watu. Mawazo hayo si ya uongo. Balozi yupo, bendera ipo, na mikono hupeanwa. Lakini katika jumba hilo hilo, aghalabu kwa mlango wa ubavuni, kuna chumba kingine chenye dirisha dogo, viti vya kungojea, na foleni ya watu waliochoka. Nyuma ya dirisha huketi mtu ambaye picha yake haitokei magazetini. Ana muhuri, kalamu, rundo la fomu, na simu isiyonyamaza. Mimi nilikaa miaka thelathini na minne duniani bila kumfikiria mtu huyo hata mara moja. Kisha, usiku mmoja wa mwaka 2021, alinipigia simu.

Kabla ya kueleza habari ya usiku ule, yafaa nimweleze msomaji kazi ya mtu huyo ni nini, maana mimi mwenyewe nililazimika kujifunza baadaye, na kujifunza baada ya haja ni sawa na kununua mwavuli mvua ikiisha.

Serikali inapopeleka watu wake katika nchi nyingine huwapeleka kwa kazi za namna mbili. Kazi ya kwanza ni ya balozi, naye husema na serikali ya nchi ile kwa niaba ya serikali yake. Kazi ya pili ni ya konseli, ambaye wengine humwita balozi mdogo, naye hushughulika na watu: raia wenzake walio ugenini. Pengine kazi hizi mbili hukaa chini ya paa moja, pengine konseli huwa na ofisi yake mbali na mji mkuu, bandarini au penye biashara. Konseli naye ana wasaidizi na makarani wake. Ni hao wanaotoa pasipoti mpya kwa aliyepoteza ya zamani, wanaoandika vizazi na vifo, wanaotia muhuri vyeti, wanaokwenda gerezani kumtazama raia aliyekamatwa, na wanaosimamia maiti mpaka ipande ndege kurudi kwao.

Kazi hii si mpya katika pwani yetu. Sayyid Said alipofanya mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833, njia ilifunguka kwa Wamarekani kuweka konseli Unguja, na mwaka 1837 alifika Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem. Mwingereza Hamerton alifuata mwaka 1841. Waters alikuwa konseli na mchuuzi kwa wakati mmoja, akinunua pembe na sandarusi kwa mkono mmoja na kuandika malalamiko ya mabaharia kwa mkono wa pili. Na wanafunzi wote wamesoma jinsi Susi na Chuma na wenzao walivyouchukua mwili wa Livingstone kutoka ndani ya bara mpaka pwani. Mwili ule ulipofika Bagamoyo mwaka 1874, ulipokewa na maofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza uliokuwa Unguja, wakaupeleka kwao. Vitabu vingi husimulia safari ya miezi mingi ya wale wachukuzi, na ni haki yao. Sijaona kitabu kinachomtaja karani aliyeandika hati za jeneza lile, lakini bila shaka alikuwapo, maana hakuna jeneza livukalo bahari bila karatasi.

Mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, mataifa yalikutana Vienna yakaandika mkataba juu ya kazi za kikonseli, nao ulianza kutumika mwaka 1967. Kifungu cha tano cha mkataba huo kinaorodhesha kazi zenyewe. Kifungu cha thelathini na sita kinasema kwamba raia wa kigeni akikamatwa lazima aambiwe bila kukawia kwamba ana haki ya kutaka konseli wake apashwe habari. Kijana usomaye maneno haya, kama utasafiri siku moja, kishike kifungu hicho kichwani. Lakini shika na jambo la pili pia: konseli hana ufunguo wa gereza. Hawezi kuivunja sheria ya nchi aliyomo, hawezi kulipa deni lako, wala hawezi kusimama mahakamani kama wakili wako. Anaweza kuuliza, kuandika, kungoja, na kuuliza tena. Zana zake zote ni hizo.

Sasa nirudi Wote.

Mji wetu ndio makao ya Kaunti ya Makueni, nao umekua tangu ofisi za kaunti zilipokuja mwaka 2013. Kuna mabenki, kuna mahakama, kuna soko lenye machungwa na maembe ambayo malori huyachukua mpaka Nairobi na Mombasa. Mgeni apitaye mwezi wa Januari huona ndoo za maembe kando ya barabara akadhani amefika katika nchi ya shibe. Apite mwezi wa Septemba, wakati mito imebaki mchanga mtupu na wanawake wanachimba visima mchangani ili wapate debe moja la maji, atafikiri vingine. Mvua za mwisho wa mwaka 2020 zilikuwa haba, nazo zilizofuata zilikuwa haba zaidi. Ndengu zilinyauka kabla ya kutoa maua. Katika majira kama hayo mawakala wa kazi hupata wasikilizaji.

Binti wa shangazi yangu alikuwa na miaka ishirini na sita, na mtoto mmoja wa kike aliyekuwa darasa la kwanza. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe hakunipa ruhusa, na maisha yake ni yake. Wakala alimwambia kwamba Saudia kuna kazi ya nyumbani, mshahara mzuri, chakula na malazi bure, nauli juu ya mwajiri. Alikwenda Nairobi, Nyayo House, akapata pasipoti. Kisha alirudi kwangu na mkataba mkononi.

Hapa ndipo penye sehemu yangu, nami nitaisema bila kuifunika. Mkataba ule ulikuwa na nguzo mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiarabu. Niliusoma ule wa Kiingereza nikiwa nasahihisha insha za wanafunzi, jicho moja huku na jicho moja kule. Kiarabu sikijui. Sikuuliza ni nani atakayeshika pasipoti yake akifika. Sikuuliza afanye nini asipolipwa. Niliona maneno yamepangwa vizuri na muhuri umetiwa, nikasema, "Ni sawa." Akaniomba nitie sahihi kama shahidi, nikatia. Shangazi aliketi pembeni akipepeta pojo, akaniuliza, "Mwalimu, umeisoma yote?" Nikajibu, "Nimeisoma, Shangazi." Yeye hajui kusoma, hivyo jibu langu lilimtosha.

Kwa miezi mitatu pesa zilikuja. Shangazi hana simu, basi zote zilipitia katika yangu, nami nilizipeleka jioni nikitoka shuleni. Mwezi wa nne hazikuja. Mwezi wa tano hakuja hata ujumbe. Nambari yake ikipigwa, sauti ya mwanamke ilijibu kwa Kiarabu maneno ambayo sikuyaelewa, ila niliyafahamu maana yake. Magazeti ya mwaka huo yalichapa habari kutoka Wizara ya Mambo ya Nje kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudia tangu mwaka 2019, wengi wao watumishi wa nyumbani, na vifo vingi vilielezwa kuwa ni moyo kusimama. Wasichana wadogo kwa makumi, wote mioyo imesimama! Sikumwonyesha shangazi gazeti lile. Lakini habari mbaya haihitaji msomaji, na siku ya soko alikwisha kuisikia. Hakulia wala hakunilaumu. Alianza tu kuja kwangu kila jioni, akaketi kizingitini, akaitazama simu iliyo mezani, kisha akaondoka. Ningalipendelea matusi.

Nilipiga simu katika ofisi moja iliyotuhusu, jina lake halina faida hapa. Kwa siku tisa niliambiwa nipige kesho. Siku ya kumi hawakupokea. Nilirudi kwa wakala nikakuta mlango umefungwa, na kibao kimeondolewa, pamebaki matundu manne ya misumari.

Ndipo usiku mmoja, saa tano na nusu, simu ikalia, nambari ya nje. Nikaishika kwa hofu.

"Habari za usiku, Mwalimu. Naomba radhi kwa kukuamsha. Nasema kutoka ubalozi wetu hapa Saudia. Mimi ni karani tu. Yuko binti hapa asema wewe ni kaka yake."

Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, laini, kila neno mahali pake; nami nifundishaye Kiswahili nilijibu kwa kigugumizi. Nilimwuliza jambo moja tu: "Yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi. Amekunywa chai. Amelala pale kwenye viti. Lakini hana karatasi hata moja, na mimi siwezi kumpa karatasi mpaka nijue ni nani."

Habari yenyewe niliipata vipande vipande, kwake na baadaye kwa binamu yangu mwenyewe. Mwajiri alikuwa ameshika pasipoti yake tangu siku ya kwanza, na simu tangu mwezi wa nne alipodai mshahara. Nchini mle, wakati ule, mtumishi wa nyumbani aliingia kwa dhamana ya mwajiri, utaratibu ulioitwa kafala. Mwaka 2021 Saudia ililegeza masharti kwa wafanyakazi wengi wa makampuni, wakaweza kuhama kazi na kusafiri, lakini watumishi wa nyumbani hawakuhesabiwa katika nafuu hiyo. Alipotoroka, mwajiri aliweza kumwandikisha kuwa mtoro, na tangu saa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkosaji mbele ya sheria. Binamu yangu alitoka alfajiri akatupa takataka, akaacha pipa njiani, akaendelea kutembea. Kitambulisho chake alikuwa amekiacha kwa wakala Nairobi. Kichwani alikuwa na vitu viwili tu: nambari yangu ya simu, aliyokwisha kuikariri kwa sababu ndiyo aliyotumia kuleta pesa, na tarakimu tano za kwanza za kitambulisho chake. Tatu za mwisho zilikuwa zimemtoka.

"Nimemwuliza maswali ya Wote," karani aliniambia. "Nimemwuliza mtu atokaye huko kwenda Emali hufuata njia gani, na soko huwa siku gani. Amejibu. Lakini mimi sijafika Wote, sijui kama amejibu sawa. Nimwandikie nini mkubwa wangu? Kwamba ameniambia njia?" Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Kisha akaeleza, kwa upole, kwamba wako watu wa nchi nyingine wajiitao Wakenya wakitumaini kusafirishwa, na kwamba akikosea mara moja, wakubwa hawatamwamini mara ya pili, na atakayeumia ni msichana atakayekuja kesho yake. "Nitafutie nambari yote, Mwalimu. Nambari ikipatikana, Nairobi watalinganisha alama za vidole. Bila nambari tutangoja, na hapa kungoja kuna gharama yake."

Asubuhi nilikwenda kwa shangazi. Tulipekua sanduku la bati na makuti ya paa. Nakala ya kitambulisho ilikuwa imewekwa chini ya godoro, nayo mchwa walikuwa wamekula, wakaacha kipande chenye sikio moja na bega. Tuliketi. Mtoto wake alikuwa uani akijiandaa kwenda shule, amevaa sare, anatafuta kiatu. Nilimtazama bila kufikiri lolote. Kisha nikakumbuka.

Chuoni nilikofunzwa ualimu alikuwako mwalimu mmoja mzee aliyetutesa kwa ajili ya daftari. Kila kitu kiliandikwa, na kila kilichoandikwa kilisahihishwa. Mahudhurio yaandikwe kabla ya somo la kwanza. Fomu ya kumwandikisha mtoto ijazwe yote, pasiachwe nafasi wazi, jina la mzazi, kijiji, nambari ya kitambulisho. Sisi vijana tuliona kwamba ni kazi ya kipuuzi, ya kumpotezea mwalimu wakati wa kufundisha. Mimi nilikuwa mmoja wa walionung'unika kwa sauti.

Shule ya msingi ya mtoto yule si shule yangu. Mwalimu mkuu, mama mmoja wa makamo, alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, asiseme neno. Siku hizi habari za wanafunzi huwekwa katika mtambo wa serikali, lakini siku ile hapakuwa na mawasiliano. Akafungua kabati, akatoa mafaili yaliyofungwa kwa uzi wa katani, akapuliza vumbi, akaanza kugeuza fomu moja baada ya nyingine. Mtoto wa shangazi alikuwa wa thelathini na saba. Jina la mama, sahihi ya mama, na mbele yake tarakimu nane kwa wino wa buluu. Niliziona nikashika meza. Lakini ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwa haraka, na mimi na mwalimu mkuu hatukuafikiana kama ni moja au saba. Tulipeleka fomu dirishani penye mwanga. Yeye akasema saba, mimi nikasema moja.

Nilipompigia karani nikamweleza shaka yetu, alisema, "Nitazituma zote mbili." Alisema kama mtu anayezungumza juu ya kununua mikate miwili badala ya mmoja. Ilikuwa saba.

Ingependeza kusema kwamba kesho yake alipanda ndege. Ilichukua wiki saba. Nambari ilimthibitisha kuwa Mkenya, lakini haikumfuta katika orodha ya watoro, na bila kibali cha kutoka hakuweza kupanda ndege. Karani alikwenda katika ofisi za kazi mara nne kwa habari yake, na katika kituo cha kurudishia wageni mara mbili, na yeye hakuwa peke yake. Walikuwako wengine kwa makumi katika faili zake. Mara moja nilimpigia nikamkuta hospitalini anatafuta jina la maiti. Nilitaka kukata simu, akanizuia. "Sema tu, Mwalimu, huyu hana haraka." Ulikuwa ni mzaha wa watu wanaofanya kazi zisizosemeka, nami sikuthubutu kuuchukia. Baadaye alisema kwa sauti nyingine kwamba lililo gumu si kuona, bali ni kupiga simu ya pili, ile ya kuwaambia wazazi.

Sitaki msomaji adhani kwamba nawafanya makarani wote kuwa watakatifu. Baada ya mlipuko wa bandari ya Beirut tarehe 4 Agosti mwaka 2020, wanawake wa Kenya waliokuwa wamekwama Lebanon walikaa na kulala nje ya ofisi ya konseli wa heshima mjini humo, wakidai kurudishwa nyumbani. Konseli wa heshima si mtumishi wa kawaida wa serikali. Mara nyingi ni mwenyeji wa nchi ile, mwenye shughuli zake, aliyekubali kuishika kazi hiyo kando. Nchi zetu huwatumia kwa sababu haziwezi kuweka ofisi kila mahali. Vita vilipoanza Ukraine mwezi wa Februari mwaka 2022, wanafunzi wa Kenya waliokuwa huko walitazama ubalozi wetu ulioko Vienna, nchi nyingine kabisa, wakavuka mipaka kwa miguu na kwa treni katika baridi. Lebanon ilipoingia vitani mwaka 2024, Wakenya waliokuwa Beirut waliambiwa wajiandikishe kwa ubalozi wa Kuwait. Mtu aliye chini ya mabomu Beirut anajaza fomu ya Kuwait! Huko Kuwait yuko karani aliyezipokea fomu hizo, naye simjui, lakini naweza kukisia kwamba hakulala vizuri.

Kwa hiyo nilipokuwa nikisikia watu wa Wote wakisema, "Ubalozi hausaidii," zamani nilikubali. Siku hizi huuliza: ofisi hiyo ina watu wangapi, na raia wangapi wako chini yake? Hasira ya raia ina haki, maana Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kuingia katika nchi yake na haki ya kupata pasipoti, wala haikusema haki hiyo huisha foleni ikiwa ndefu. Lakini ni vema hasira ijue pa kwenda. Aliye dirishani aghalabu si yeye aliyeamua kwamba dirisha liwe moja. Na iko hasira nyingine ambayo sikuweza kumtupia mtu yeyote, ile ya sahihi yangu chini ya mkataba. Karani hakunitajia mkataba hata siku moja. Nilipoutaja mwenyewe, aliniambia tu, "Tafadhali nitumie picha yake, penye Kiarabu pasomeke." Aliusoma, akanipigia. Kwa Kiarabu paliandikwa mshahara mdogo kuliko ule wa Kiingereza.

Binamu yangu alirudi mwezi wa Novemba. Hakurudi na pasipoti. Ile mwajiri hakuitoa. Alirudi na hati ya dharura, karatasi itolewayo kwa safari moja tu, ya kumwingiza mtu kwao basi. Nilikwenda na shangazi kumpokea Nairobi. Alitoka na mfuko mmoja wa plastiki, amekonda, amevaa sweta la kiume ambalo hakueleza alilipata wapi. Shangazi alimshika mikono yote miwili akaigeuza kama atazamavyo mahindi sokoni, akaona alama za moto juu ya kiganja cha kulia, akazifunika kwa leso yake. Njiani hakuna aliyesema mengi. Tulipopita Machakos mama aliuliza kama amekula, naye akasema amekula ndani ya ndege, na mama akafungua kifurushi cha muthokoi, naye akala tena.

Wiki iliyofuata niliomba kuiona ile hati ya dharura. Nilitaka kujua jina la karani, maana katika siku zote zile alijitaja kwa cheo tu, na mimi kwa haya au kwa haraka sikumwuliza. Binamu alisema hati ilichukuliwa uwanja wa ndege, lakini alikuwa ameipiga picha. Tuliikuza picha katika simu. Pale chini palikuwa na muhuri, na juu ya muhuri sahihi iliyoandikwa kwa haraka, mstari mmoja wenye vilima viwili na mkia. Haikusomeka. Nambari yake ya simu nilipoipiga, ilipokewa na mtu mwingine, mwanamke, aliyesema kwamba yule bwana amehamishwa.

Shangazi hakuridhika. Ilikuwa Januari, maembe yameiva, akajaza kiondo kizima akakileta kwangu nikitume. Nikamweleza kwamba maembe hayatumwi hivyo, na kwamba hata yakitumwa yataoza. Alikaa akafikiri. "Basi andika barua," akasema. Nikachukua karatasi. Yeye alisema kwa Kikamba, mimi nikaandika kwa Kiswahili, nikijitahidi kuweka kila neno mahali pake: kwamba mtoto amefika, kwamba mvua imenyesha kidogo, kwamba mjukuu yuko shuleni na mama yake ndiye ampelekaye asubuhi, kwamba maembe yapo na yeye akipita Wote asiulize bei. Nilipofika mwisho nikamwuliza niandike jina gani juu ya bahasha.

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma. "Andika, kwa yule aliyeuliza nambari," akasema. "Hapo ofisini watamjua."

Niliandika hivyo, nikaipeleka posta siku ya pili.